Mluzi kwenye gari la Mama Njeri

Jumamosi, Agosti 2010

Hatimaye ule mluzi umekwisha. Mara mbili nilimwambia Mama Njeri kwamba spika zake ndizo mbovu, na leo amerudi tena, kutoka mtaa wa mbali wa Randburg hadi hapa karakana kwetu Malvern. Bosi alishaniambia kwamba akirudi tena na malalamiko, kazi sina.

"Fundi, mimi sitafuti muziki," akaniambia. "Ni sauti ya marehemu baba kwenye hii CD. Alituimbia siku ya harusi yangu. Nikikanyaga mafuta tu, inamezwa na huo mluzi."

Nikaona aibu. Nikafungua buti la gari, nikafuata waya mmoja mmoja. Waya wa ethi wa amplifaya, ule wa kushika chuma cha gari, nilikuwa nimeufunga juu ya rangi, mimi mwenyewe, na rangi inazuia umeme. Nikakwangua rangi hadi chuma tupu, nikaukaza upya.

"Kosa ni langu, Mama, si la spika."

Akawasha injini, akakanyaga mafuta. Mzee akaimba bila kelele yoyote, hata kikohozi chake kati ya beti kikasikika. Mama Njeri alicheka huku analia.

Bosi alinisikia nikikiri. Akasema tu, "Sharp, sawa, funga buti."

Kazi bado ninayo, na leo nimekula nikashiba.