Tuzo ya Mrushaji wa Baltimore

Buffalo, Januari

Kaka Emmett,

Theluji imefika madirishani na mabawa ya kuku ya Jumapili nimeyaunguza, ila sisi tu salama.

Jumatatu nilimwekea Baba simu sikioni kama kawaida, nawe ukaanza uchokozi wako: "Mzee, tuzo ya mchezaji bora mwaka huu ni ya kwotabeki wetu wa Baltimore, mrushaji wa kweli. Huyo wenu wa Buffalo anarusha mpira kama anafukuza kuku." Kisha ukaaga, kwa hiyo hukusikia kilichofuata. Baba, ambaye hakuwa ametamka neno tangu kiharusi kimpate, alisukuma bakuli la uji pembeni akasema polepole, "Mwambie... aje arushe... kwenye theluji hii."

Nililia mpaka uji ukapoa.

Kaka, ulipokuja Krismasi ni mimi niliyekufulia nguo. Najua jezi ya Buffalo unalala nayo hadi leo. Asante kwa kuisaliti timu yako kila wiki ili Baba apate wa kubishana naye.

Hata wakimpa wetu hiyo tuzo, wewe endelea kubisha tu kwamba haistahili. Baba bado hajamaliza kukujibu.

Dada yako,
Lorna