Bangili ya Watu

Ushirombo, katika nchi ya Wasumbwa,
mwezi wa kurina asali

Kwa Baba yangu mpendwa, Tabora.

Shikamoo Baba. Na Mama mpe shikamoo yangu, umwambie mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri, na homa imenipitia mara moja tu tangu masika. Je, kifua chako kimepoa? Na dada Zaituni amekwisha kujifungua? Shemeji Juma, wewe unayewasomea, soma polepole, usiruke mahali, hata ukifika penye aibu yangu. Nakujua unavyopenda kuruka.

Baba, maneno yako nimeyapata. Yule mchuuzi wa chumvi uliyemtuma hakuniletea salamu ndefu. Alishusha mzigo wake, akafuta jasho, akasema, "Baba yako anauliza, bangili ya watu iko wapi?" Barua hii ndiyo jibu.

Niliichukua mimi. Si panya, wala si wale wapangaji, najua mmewashuku, maskini, muwaombe radhi. Asubuhi ile nilipotoroka kufuata dhahabu niliifungua pale kwenye mwimo wa mlango, ilipokuwa ikining'inia tangu sijaota meno ya pili, nikaivaa mkononi. Nilijiambia kwamba mtu aliyekula asali yako porini kwa njaa, akaacha bangili yake ya shaba chini ya mzinga, na miaka yote hii hakuja kuikomboa, huyo amekufa au amesahau. Nilikuwa nikikucheka, Baba, kila ulipoipangusa vumbi ukisema, "Hii si mali, hii ni mtu." Sasa nisikilize nikueleze iliko, na imefikaje huko.

Niliajiriwa na Bwana mmoja Mzungu anayetafuta dhahabu katika pori la kati ya Geita na hapa. Yeye hugonga miamba kwa nyundo, sisi tulibeba mawe meupe mpaka kambini, yakasagwe na kuoshwa kwenye karai. Njia ya kambini aliitia alama kwa shoka, mikato miwili kwenye mti, kisha mbele kidogo mikato miwili tena. Pori lenyewe halina watu. Serikali imewahamisha wote kwa ajili ya malale, wamekusanywa kwenye vijiji vipya, hivyo waweza kwenda siku mbili usione moshi wa mtu, ila mbung'o wanaokuuma hadi kwenye kope.

Siku moja tulitumwa wawili kupeleka mawe kambini, mimi na Mabula, Msukuma wa Shinyanga, mtu mrefu mwenye maneno marefu zaidi. Mimi nikajitia kutangulia. Nikamwambia, "Nifuate. Mtu wa ng'ombe hujui pori, unajua mikia tu."

"Haya, Mnyamwezi, tangulia," akasema. "Ukinipoteza nitakubadilisha kwa chumvi."

Nikaona mikato miwili, nikaifuata. Mti wa pili, mikato miwili. Wa tatu, vilevile. Jua lilikuwa limekwisha kupinduka nilipoangalia sawasawa, nikaona chini ya mikato ile kuna kitobo kidogo cha mviringo, na utomvu wake umekauka zamani. Nikainua macho. Juu yangu kulikuwa na mzinga wa gome. Loo! Mimi, mwana wa mrina asali, niliyekulia katikati ya alama za mizinga, nimefuata alama za mwenye nyuki nikidhani ni njia ya dhahabu! Niliona haya hata kumwambia Mabula.

Tuligeuka kwa haraka, na haraka ile ndiyo iliyotuponza. Mabula alikuwa na gunia la mawe kichwani, hakuona chini, akatumbukiza mguu katika shimo lililochimbwa na mnyama muhanga. Nilisikia mfupa ukivunjika. Hakupiga kelele. Alikaa chini, jasho linamtoka, akasema, "Umeshanipoteza, sasa umenivunja."

Tulikuwa na nusu kibuyu cha maji, unga wa kutosha siku moja, kisufuria, kisu, na kibiriti. Nilimfunga mguu kwa magome mawili na kamba, nikambeba mgongoni mpaka chini ya ule mti wa mzinga, penye kivuli. Hapo akaacha mzaha. Akaniambia niende zangu, nimwache, na nikifika kwao niseme yule ng'ombe mwekundu asiuzwe.

Baba, niliogopa sana. Kwenda, sikujua niende upande gani. Kumwacha, fisi wasingengoja asubuhi. Nikakaa nikiutazama mzinga, nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia nami nikipiga miayo, kwamba mzinga hautundikwi mbali na maji, wala hautundikwi na mtu asiyekusudia kurudi. Lakini huyu aliyeutundika huenda alihamishwa na wenzake, asirudi kamwe. Nikapanda kuangalia. Kamba iliyoushika ilikuwa gome jipya la mwaka huu. Nikashuka nikamwambia Mabula, "Tunakaa. Mwenyewe atakuja." Akaniuliza lini. Nikasema sijui.

Asubuhi niliwafuata nyuki. Walikuwa wakiruka chini chini, upande mmoja, mpaka kwenye korongo kavu, wakitua kwenye mchanga uliolowa kidogo. Nilichimba kwa mikono hadi kwenye kiwiko, maji yakaja, rangi ya chai ya maziwa. Yalinuka, tukayanywa. Mara ya pili nilipoyarudia nilikuta nyayo za simba juu ya nyayo zangu. Tangu hapo nilikwenda na kijinga cha moto mkononi, huku nikiimba kwa sauti kubwa nyimbo za harusi, maana ndizo nilizozijua zote. Mabula alisema simba huyo amekimbia kwa sababu ya sauti yangu. Moto hatukuuacha uzimike. Mawe matatu ya Bwana tukayafanya mafiga, na mengine nikayapanga kumwegemezea mguu.

Unga ulikwisha. Siku ya pili, magharibi, nilifunga mwenge wa majani makavu nikapanda mzingani. Nilifanya vibaya, moshi ukawa mwingi, nyuki wakanishika uso wote. Nilishuka jicho moja limefumba, asali mkononi, na Mabula anacheka huku analia kwa maumivu. Tukala. Sijapata kula kitu kitamu vile.

Ikabaki haki ya mwenyewe. Mwenye njaa hula, habebi, na huacha kitu chake. Wewe ulinifundisha. Lakini mimi nilikuwa na nini? Kisu, kisufuria na kibuyu ni vya Bwana, gunia ni la Bwana, shati langu nilikwisha kulichana kufunga mguu. Kilichobaki ni bangili, na bangili si yangu. Mabula akasema, "Acha, ndugu yangu, nani atajua?" Ni yaleyale niliyojiambia siku nilipoitoa mlangoni. Niliona aibu, Baba, peke yangu porini na uso umevimba. Nikaivua, nikaifunga kwenye shina kwa lile fundo lako la kamba ya gome.

Siku ya nne alikuja. Hatukumsikia. Alikuwa amesimama penye mti, upinde mkononi na mshale umekwisha kutiwa, mtu mfupi, mweusi sana, akiliangalia fundo.

"Nani amefungua mzinga wangu?"

"Ni mimi. Shikamoo."

"Shikamoo yako ingoje kwanza. Mmechukua kiasi gani?"

"Nusu. Tumekula hapahapa, mwenzangu amevunjika mguu."

Akatazama juu, akaguna. "Moshi umetia mwingi, nyuki wangu wamehama. Nani alikufundisha kurina vibaya namna hii?"

"Baba alinifundisha vizuri. Mimi sikusikiliza."

"Na fundo hili?"

"Hilo nilisikiliza."

Akautoa mshale upindeni. "Mizinga yangu mitatu imepasuliwa mwaka huu na watu wa dhahabu," akasema, "na hakuna aliyeacha hata uzi. Nilikuja nimeapa kwamba nitakayemkuta simsemeshi." Alipokwisha kusema hayo ndipo akaniitikia, "Marahaba."

Jina lake Mayunga. Alituachia viazi vya kuchoma akaondoka, na Mabula akasema basi, amekwenda zake. Kesho yake mchana alirudi na wenzake wanne na machela. Wametuleta hapa kijijini kwao, mganga wa mifupa akauunga mguu, na sasa Mabula anatembea kwa fimbo na kunisema vibaya kwa kila mtu. Anakusalimu, anasema umezaa mtoto mjinga mwenye bahati.

Bwana alipopata habari alimtuma mnyapara wake. Swali la kwanza: mawe yako wapi? Nikamwambia yako porini, tumepikia uji. Labda tulipika juu ya dhahabu, sijui. Kazi imekwisha hapo, wala sikuililia.

Bangili nilimwomba Mayunga anirudishie. Akakataa. Nyuki wake wamehama kwa moshi wangu, akasema, kwa hiyo nitamtengenezea mizinga mipya, nitundike mwenyewe, na siku nyuki watakapoingia ndipo nitaichukua. Nikaona nimweleze yote, kwamba haikuwa yangu, niliiiba mlangoni kwa baba yangu, naye alikuwa akimwekea mtu asiyemjua. Alinitazama muda mrefu, mpaka nikatamani matusi. Halafu akanyanyuka, akachukua kamba, akaifunga bangili kwenye mwimo wa mlango wake. Kila asubuhi huipangusa vumbi.

Basi sasa nabandua magome ya mti uitwao mtundu ya kutengenezea mizinga, mikono yangu ina malengelenge, na Mayunga hunikosoa kama ulivyokuwa ukinikosoa, maneno yaleyale, nadhani warina asali wote mlizaliwa na mama mmoja. Mizinga miwili nimekwisha kuitundika. Bado haina kitu. Nikiichukua bangili, siendi tena Geita, ninakuja moja kwa moja nyumbani.

Msalimie mjomba wa Ipuli na mashamba yake. Bibi mzaa Mama mwambie ile hirizi yake ilipotea njiani, asikasirike. Zaituni akijifungua mtoto wa kiume, Shemeji, usimpeleke shule tu, mpeleke na porini na babu yake.

Na wewe Baba, nakuomba neno moja. Mwenye bangili akibisha hodi kabla sijafika, usimwambie imepotea wala usimwambie imeibwa. Mpe asali, mkalishe. Mwambie ipo, imepanguswa vumbi, inaning'inia mlangoni ikimngoja. Ila mlango ndio mwingine.

Ni mimi mwanao niliyekucheka,
Ramadhani