Jina Lako Limefika Iringa

Dada Sekela,

Hukuwahi kusoma hata herufi moja. Hata ungekuwa hai, barua hii ningelazimika kukusimulia kwa mikono, tumekaa kwenye jamvi, wewe ukinivuta kidevu kila ninapotazama pembeni. Lakini tangu tulipokuzika sijapata mtu wa kuzungumza naye hivyo. Mikono imekaa tu. Basi leo nimeipa kalamu.

Nipo Iringa. Nimepata chuo, nasomea ualimu, na nimepanga chumba Kihesa. Ungenicheka kwa baridi ya huku. Navaa sweta juu ya sweta, mimi mtoto wa Rujewa niliyezoea kulala kifua wazi. Wiki za mwanzo nilikuwa natoka darasani narudi chumbani, sina rafiki. Kisha nikaona tangazo ukutani: wanafunzi wanaojitolea, kila Jumamosi wanakwenda kwenye shule ya msingi yenye watoto viziwi wanaokaa bweni. Wanafua nao, wanafagia, wanawasaidia masomo, wanacheza. Nilisimama pale mpaka watu wakawa wananikwepa ili wapite.

Siku ya kikao tulikuwa wageni wachache. Mwenyekiti anaitwa Witness, binti wa Kibena kutoka Njombe, mdogo wa umbo, lakini ana sauti ambayo ingesikika hata pale kwenu kwenye mashine za mpunga. Akatuambia kila mgeni aseme jina lake na kilichomleta. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Naitwa Lusajo. Nina dada yangu bubu, na lugha yao naijua."

Umeona, Dada? Nilisema nina. Neno "nilikuwa" lilinikwama.

Witness akanisahihisha taratibu. "Hapa tunasema kiziwi, kaka. Bubu hawapendi." Halafu akafurahi. "Basi tumepata mkalimani! Dada msalimie sana."

Nikajibu, "Zimefika."

Jumamosi ile nikatangulia mbele ya watoto kama mwenyeji. Nikawasalimia kwa salamu yetu ya kupiga kifua. Wakanitazama tu. Nikaomba maji kwa alama yetu ya maji, viganja viwili vinachota mferejini. Mtoto mmoja akatoka mbio, akarudi na koleo. Wote wakaangua kicheko, watoto na wenzangu wa kikundi pia. "Haya Mkalimani, chimba!" mmoja akapiga kelele. Nami nikacheka, ila ndani niliumia. Nilidhani naijua lugha ya viziwi, kumbe nilijua lugha ya uani kwetu. Wenzako wana lugha yao kamili, ina herufi zake na utaratibu wake, na inafundishwa. Yetu tuliitunga wenyewe, wewe, mimi na Mama. Na tangu uondoke Mama haitumii tena. Nikawaza: nikiisahau mimi, imekwisha.

Jumamosi iliyofuata sikwenda. Mchana Witness akabisha hodi chumbani kwangu, mikono yake bado inanukia sabuni. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Watoto wameuliza yule wa koleo yuko wapi," akasema. "Nimewaambia anaumwa. Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi uje ufue. Kufua hakuhitaji mkalimani."

Nikaenda nikafua. Nadhani hapo ndipo nilipokuwa mwanachama, si siku ile ya kujitambulisha. Maji ya karoni yanauma vidole, Dada, acha. Nikajifunza kwamba kazi ya mgeni ni kukamua mashuka, mmoja huku, mwenzake kule, na anayelegeza analoweshwa miguu makusudi. Nikajifunza nani anaimba vibaya na nani anaficha kiazi kizuri wakati wa chai. Jina la Mkalimani likanibaki. Mwanzoni lilikuwa la kunitania. Siku hizi wananiita hivyo hata wakitaka kuazima daftari langu.

Pembeni yangu akawa anakuja kufulia binti mmoja wa kama miaka kumi, Anita. Ndiye mwalimu wangu. Ana ubabe kama wako. Nikikosea alama ananikamata vidole anavipanga upya, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati. Amenifundisha kwanza herufi, kisha vyakula, kisha matusi mawili ambayo sitayaandika hapa.

Siku moja akaniuliza nani alinifundisha zile alama zangu za ajabu. Nikamwambia, dada yangu. Akauliza, yuko wapi?

Mikono ikasimama juu ya povu. Alama yao ya kufa nilikuwa sijafundishwa. Nikatumia yetu, ile uliyoitunga wewe Bibi alipofariki: kiganja kimoja kimelala, kingine kinakifunika polepole. Anita akaelewa. Hakucheka. Akafuta povu kwenye gauni lake, akauliza jina lako.

Nikampa. Mikono miwili imeshika ungo, inarusha mpunga, mdomo unapuliza makapi. Tulikuita hivyo kwa sababu ulianza kupeta ungali mdogo, pale kwenye mashine za kukoboa, ambako kelele ziliwafanya watu wote wasisikie, na wewe ndiye uliyeelewana na kila mtu. Anita akalirudia jina lako. Akalirudia tena vizuri kuliko mimi, mashavu ameyajaza upepo. Kisha akawageukia wenzake, na mara karo zima watoto wanapeta.

Witness akaja na shuka mkononi. "Wanasemaje?"

"Jina la dada yangu."

"Yule uliyetuambia?"

"Alifariki, Witness. Masika ya kabla sijaja chuo. Ni moyo."

Hakuniuliza kwa nini nilisema nina. Alinipa ncha moja ya shuka, tukakamua mpaka likaisha maji. Ndipo akasema, "Mama yupo?"

"Yupo Rujewa."

"Tutakwenda kumpa pole."

Nilidhani ni maneno. Lakini likizo ilipofika wakaja kweli, Witness na wenzake wawili. Mama akawatandikia jamvi. Witness akapiga goti. "Shikamoo, Mama. Tumechelewa."

"Ndaga, asante, mwanangu," Mama akasema. "Pole haichelewi."

Tulikuwa tunakula pale alipoingia Mama Kabula, yule jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe ng'ambo ya mfereji, ameleta maziwa. Kabula alikuwa nyuma yake. Nilimfahamu kama mtoto asiyesikia aliyekuwa akikufuata mashineni. Basi, zaidi ya hapo sikujua, nilikuwa sekondari ya bweni. Akanitazama sana, akapitisha kidole kwenye nyusi.

Jina langu, Dada! Kovu langu la kuanguka mtini. Jina ambalo nilijua liko kwako na kwa Mama tu.

Nikamuuliza kama amekula. Akajibu amekula, uji, tena mbaya. Alama zetu zilezile. Na nyingine sikuzielewa kabisa, nadhani ni zile mlizotunga nyinyi wawili mimi nikiwa shule. Nilishindwa kuendelea kula. Mwenyewe nilikuwa nazunguka Iringa nikijiona wa mwisho, kumbe uliacha mwingine.

Witness akauliza mtoto anasoma wapi.

"Asome wapi?" Mama Kabula akasema. "Hapa walimu wamemshindwa. Na huko mbali, akiumwa atamwita nani?"

Mama aliweka sahani chini. "Wangu sikumpeleka," akasema. "Niliogopa hivyohivyo. Hivyohivyo, Mama Kabula." Kisha akamgeukia Kabula, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaiona mikono yake ikisema. Alimwambia: njoo, kula.

Kabula alikula wali wote. Mwishowe mama yake akaniuliza, "Huko Iringa, wewe unakuwepo?"

"Kila Jumamosi, mama."

"Basi nitamwambia baba yake."

Yule mzee alikataa, akakataa tena. Juzi Mama alipiga simu: mzee amekubali. Witness ameshazungumza na mwalimu mkuu, kitanda kipo. Januari shule ikifunguliwa, Kabula anakuja.

Nakuaga sasa, Dada. Nakuahidi hataachwa getini. Nitaingia naye mpaka ndani nimkabidhi kwa Anita. Lugha ya pale atajifunza, ndiyo itakayomfungulia watu wengi ambao wewe hukuwapata. Ila alama mlizotunga bila mimi nitamwomba anifundishe moja baada ya nyingine, nami sitamruhusu mtu azicheke. Na siku ya kwanza akilia, sitakuwa na haraka ya kuondoka.

Pumzika salama.

Mdogo wako,
Lusajo