Uzi Mwekundu Ndani ya Kofia

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa kituo cha polisi amekuja mwenyewe hapa kwenye cherehani. Amesimama mlangoni — kiti cha wateja kilikuwa kimejaa suruali za askari wake, zote za kulegeza kiuno. Wanakula vizuri, hawa!

Kasema Jumamosi inatimia mwaka tangu mume wangu agongwe na lori pale kwenye kizuizi cha barabarani. Wametengeneza sanduku la kioo la kumkumbuka, litakaa mapokezi. Wanaomba kofia yake. Si kuiazima. Kuichukua moja kwa moja.

Nikamwambia nitafikiria. Akajibu nisiwe na haraka, ila fundi wa kioo keshamaliza kazi. Sasa hapo nafikiria nini?

Mama mkwe, ninayeishi naye, anataka iende. Anasema hata mtu akija kushtaki mwizi wa kuku, amwone mwanawe kwanza. Mimi sitaki. Kofia ile iko kwenye msumari juu ya cherehani tangu waliponiletea ndani ya mfuko wa nailoni. Naipangusa vumbi kwa juu, basi. Ndani sijawahi kutia mkono. Asubuhi naisalimia. Nikikosea kukata kitambaa naisikia inanicheka.

Jumanne, 5 Machi

Kibonge kaja kuchukua suruali yake. Ndiye aliyekuwa zamu na mume wangu siku ile. Lori lilipokataa kusimama, mume wangu alimsukuma pembeni, likamchukua yeye. Tangu hapo Kibonge akija haketi. Shemeji hujambo, shemeji kwaheri.

Leo kavua kofia ajifute jasho. Ule mstari mwekundu kwenye paji la uso, kama kawaida yake. Nikamtania: shemeji, kumbe hata kichwa kinanenepa? Waambie stoo wakupe kofia inayokutosha. Akacheka kidogo, akaivaa haraka, akaondoka. Suruali kaiacha.

Jumatano, 6 Machi

Mama mkwe kaninunia. Chai kanimiminia, lakini bila neno. Sawa, nimekubali. Kofia iende.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeishusha ili niisafishe. Nikapindua ule mkanda wa ndani. Hakuna kitu.

Mume wangu alikuwa na kichwa kidogo. Alipopewa kofia, stoo walibaki na kubwa tu, ikawa inamzama mpaka masikioni. Wenzake walikufa kwa kicheko. Nikamkunjia kitambaa cha flana, nikakishona ndani ya mkanda. Kwenye cherehani kulikuwa na uzi mwekundu, nikauacha huohuo. Alilalamika wiki nzima — askari gani huyu ana uzi mwekundu kichwani kama zawadi! Lakini alivaa hivyo miaka yote.

Kofia hii haina flana. Haina hata tundu la sindano. Nimeivaa, ikanifika kwenye nyusi.

Si yake. Mwaka mzima naongea na kofia ya mtu mwingine. Nimelia mpaka nimeshikwa na kwikwi, mama mkwe akadhani nalilia kuagana nayo.

Baadaye, nikiwa napiga pasi, ndipo nikaona. Siku ile zilianguka kofia mbili barabarani. Na ule mstari kwenye paji la uso la Kibonge. Zilibadilishana.

Nina hasira. Hakuna mtu anayebanwa kichwa mwaka mzima asitazame ndani. Kibonge anajua.

Ijumaa, 8 Machi

Sijamwambia mama mkwe. Nimemtumia Kibonge ujumbe: suruali yako inakungoja. Nikaweka ile kofia mezani, mkanda nimeupindua nje. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga, makali yote.

Kaingia, kaiona. Akaketi. Kwa mara ya kwanza — tena juu ya mashati niliyokwisha kuyapiga pasi. Kavua ya kwake, kaipindua. Flana imekuwa nyeusi kwa jasho. Uzi mwekundu umekatika upande mmoja.

Anasema siku ile mtu alimwokotea kofia, akaivaa bila kuangalia. Kesho yake ikamuuma, akaona uzi, akajua. Akaja kuirudisha. Akafika hapa mlangoni, akanisikia naiongelesha ile ya msumarini habari za kodi na mvua. Akageuka. Alishindwa kuja kuniambia kuwa ile ni yake yeye.

Nikamuuliza, basi kwa nini hukuifumua ikutoshe? Akajibu: Ikinibana ndiyo nakumbuka kusimama mbali na barabara, shemeji. Nahisi kama ananisukuma bado.

Yale maneno makali sijui yameenda wapi.

Akasema, chukua, ni yenu. Akaisogeza mezani, lakini kidole hakukiondoa kwenye ukingo.

Dereva wa kituo amefika. Yuko nje, gari linanguruma. Nimemwambia angoje kidogo, nina vipimo vya kuandika — ndiyo maana naandika hapa, kwenye daftari la vipimo. Mama mkwe ameshavaa vizuri, anauliza kutoka chumbani kama kofia ya mwanawe iko tayari. Anataka kuipeleka mwenyewe, kwa mikono yake.

Kofia mbili mezani. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kibonge anatazama ukuta, kwenye ule msumari mtupu.

Nimemuuliza kwa sauti ya chini: nikikushonea tena hapa palipokatika, nibane palepale, au nilegeze kidogo?

Palepale, kasema.

Mama mkwe anakuja, nasikia viatu vyake. Cherehani ina uzi mweusi. Nimeutoa. Natafuta mwekundu.