Saa Tano na Nusu za Mama

S.L.P. 412,
Utemini, Singida.
11 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Nasma,

Assalaam aleikum. Wazima huko Maskati? Shemeji hajambo, na mwanetu Amne kifua kimepona? Sisi tunamshukuru Mungu, isipokuwa magoti ya mama, na mimi dada yako nina donge rohoni. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu mama hukaa ubavuni pangu, anasikia kila neno. Barua hii ataileta yeye mwenyewe ndani ya mkoba wake.

Tiketi ilifika. Mwanangu Anuari alipima kwenye simu: uwanja wa Dar es Salaam mpaka wa Maskati ni karibu kilomita elfu nne, saa tano na nusu hewani. Mama kazishika saa hizo kama aya. Vasanti wa dukani akimuuliza habari za safari, anajibu, "Saa tano na nusu tu," utadhani yeye ndiye rubani. Kutoka hapa mpaka Dar ni kilomita mia saba, kutwa nzima kwenye basi, na mimi ndiye nitakayemsindikiza nikimkanda miguu. Saa hizo hakuna anayezitaja.

Nisamehe mdogo wangu, nina wivu. Miaka tisa namwogesha, namkorogea uji wa mtama. Wewe umetuma karatasi moja, ndiwe mtoto mwema.

Lililoniuma zaidi ni la juzi. Nilimkuta adhuhuri anatoa salamu kwenye rakaa ya pili badala ya ya nne.

"Mama, mbona swala umeikata?"

"Mimi msafiri. Tiketi si imeshafika?"

"Mama, hata stendi hujafika!"

"Moyo umeshafika."

Ikabidi nimwite Ustadhi Rahimu. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka, kisha akamweleza kwamba msafiri hapunguzi swala mpaka autoke mji wake. Kumbe alikuwa akipunguza tangu siku ya tiketi, siku sita! Amezilipa zote kimya kimya, nami nikamwekea mto chini ya magoti. Lakini Nasma, siku sita nimeishi na mgeni nyumbani kwangu bila kujua.

Tunaondoka Alhamisi. Umesema atakaa miezi mitatu. Ustadhi kamwambia akishatulia kwako akamilishe rakaa nne. Ila mama yetu unamjua, hufuata moyo wake. Nakuomba siku akifika umchungulie adhuhuri. Akiswali mbili, msahihishe, ni ibada hiyo. Lakini nipigie simu kwanza, nifurahi kwamba kwako bado ni msafiri. Akikamilisha nne bila kukumbushwa, usiniambie.

Shemeji yako Ramadhan anakusalimu sana, na Anuari pia. Mbusu Amne. Mwenyezi Mungu awafikishie mama salama, na anirudishie vilevile.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na donge langu hili hili,
Mwanabaraka