Feni ya Gaspari na Korongo wa Katindiuka

Katindiuka, Novemba 1998

Rafiki yangu Gaspari,

Shemeji, mke wako, amesema nikuandikie mimi. Yeye anazungumza nawe kila siku, kaburini akienda kufagia, na wakati mwingine jikoni huku anakoroga ugali. Lakini hili la feni anaona ni langu kukueleza. Basi nimekaa barazani, mke wangu Yustina ameniwekea chai ya rangi, na mpunga wa mbegu umeanikwa hapo mbele yangu. Nitakwenda taratibu. Usinikatize, maana najua hata huko uliko unatafuta pa kuingilia.

Kwanza uwe na amani. Nyumbani kwako wazima. Binti yako Edita ameolewa na kijana mmoja wa Sanje, mpole, analima ndizi na mpunga. Siku ya harusi nilisimama mahali pako, nikavaa koti lako lile la kahawia ambalo shemeji alilipunguza mikono. Ndugu zako wa Mahenge walikuja wengi, wakacheza mpaka wakachoka, na mjomba wako akasema mimi Mndamba nimeshakuwa Mpogoro bila kuombwa. Nikakubali. Ningefanyaje.

Sasa feni.

Unakumbuka tulivyoisimamisha. Wewe ndiye uliyekuwa na ufundi, mimi nilikuwa na shamba lililo wazi, halina mti wala nyumba ya kuzuia upepo. Ulikuja na dainamo ya lori bovu, mabomba uliyoyachomelea mwenyewe, na mapanga matatu ya mbao ya mninga uliyoyachonga kwa randa na msasa mpaka Yustina akasema hata kitanda chetu hakijawahi kuchongwa hivyo. Watu wakaja kuangalia. Wakasema Gaspari ametengeneza feni ya kumpepea Mungu. Jina likabaki hapo hapo, feni ya Gaspari, ingawa wewe uliudhika, ukasema ni mtambo wa umeme. Mlingoti ulipoanza kuinuka nilishika kifua, na wewe pale chini yake ukapaza sauti: "Boni, shika waya, acha kushika roho yako." Nikashika. Mlingoti ukasimama wima. Upepo wa alasiri ulipokuja, mapanga yakaanza kuzunguka polepole, kisha kwa kasi, nawe ukavua kofia ukakaa chini kwenye majani bila kusema lolote. Sijawahi kukuona umenyamaza vile, hata kanisani.

Watu wakaleta betri zao. Redio zikalia nyumba hadi nyumba, na taa ndogo zikawaka mahali ambapo zamani kulikuwa na koroboi. Na sisi wakulima tulikuwa na tumaini letu jingine, kwamba kwelea wakiona kitu kile kinazunguka juu ya mpunga watakimbilia kwa watu wengine. Unakumbuka tulivyochekwa. Kwelea walipita chini ya mapanga kama wanaingia sokoni, wakashiba, wakaondoka. Tukarudi kwenye madungu yetu na makombeo, tukaamia ndege kama baba zetu.

Wewe ukaugua, ukaondoka. Sitaandika habari za siku zile, unazijua, ulikuwepo zaidi yetu sote. Nitasema jambo moja tu. Tulipotoka makaburini nilipita shambani, nikaikuta inazunguka. Niliikasirikia. Niliona kama haina adabu. Nikasimama pale nikiisikiliza, ule mlio wake wa vuu, vuu, na baada ya muda hasira ikaisha, nikajikuta nimetulia. Tangu siku hiyo nikawa naipaka grisi mimi, kama ulivyonionyesha. Kila nikiisikia, nilisema kimoyomoyo, haya, Gaspari yuko kazini.

Halafu zikaja mvua. Gaspari, mvua zile hukuziona na sijui nikuelezeje. Mto ulitoka, ukatandaa, tukawa tunakwenda kwenye mashamba kwa mtumbwi mahali ambapo wewe ulikuwa ukiegesha baiskeli. Maji yalipoanza kupungua yaliacha tope jeusi, na kwenye tope konokono wengi ajabu. Ndipo wakaja korongo. Si wale weupe na weusi wapitao kila mwaka. Hawa ni weusi watupu, wenye mdomo usiofumba vizuri katikati, kama koleo. Wanakula konokono tu. Walikuja makundi kwa makundi, wakachukua ile mikuyu iliyo ng'ambo ya mfereji kwa Mzee Kalisti, jirani yangu wa mashariki, wakajenga viota. Asubuhi walitoka mikuyuni kwenda kwenye tope, jioni walirudi. Na kati ya mikuyu na tope kuna shamba langu, na katikati ya shamba langu kuna feni yako.

Wa kwanza kufa niliona ni bahati mbaya. Nilimkuta asubuhi chini ya mlingoti, bawa limekatika. Mzee Kalisti akamchukua akamla, akasema nyama yake ina harufu ya matope lakini inalika. Kisha akaja mwingine. Kisha wawili pamoja. Ilifika mahali Mzee Kalisti mwenyewe akasema inatosha, hataki tena. Nikawa nawazika pembeni ya mfereji.

Nilijaribu. Asubuhi na jioni, wakati wao wa kupita, nikawa naifunga kwa ile kamba ya breki. Lakini wewe unajua upepo wetu. Mchana wote hauna nguvu, unakuja alasiri na unazidi kuelekea jioni, saa zile zile za korongo. Nikiifunga, betri hazijai. Watu wakaja kulalamika kwamba redio zinakufa katikati ya taarifa ya habari. Nikiiacha, nasikia ule mlio unakatika mara moja, pa, halafu unaendelea, na najua maana yake bila kugeuka. Nikaanza kukaa nyumbani jioni ili nisisikie. Yustina akaniambia hatuwezi kuishi hivi, nenda kamwambie shemeji, kitu ni cha mume wake.

Nilikwenda Jumapili baada ya misa. Nilimweleza yote, nimeinamisha kichwa. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza alisema, "Mmengoja azikwe ndipo muuone ubaya wa kazi yake." Akaingia ndani. Nikatembea kurudi nyumbani kwa mguu, nikiikokota baiskeli, na njia nzima nilijiona kama nimekwenda kukusema vibaya kwa mke wako.

Lakini unamjua mwanamke uliyemwoa. Siku chache baadaye, alasiri, nikamwona anakuja kwenye tuta la mfereji, amejifunga kanga kiunoni, amebeba kigoda chake. Hakunisalimia sawasawa. Akauliza, "Wanapita wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono. Akaweka kigoda akakaa. Mimi nikakaa chini, mbali kidogo. Upepo ukaja. Feni ikazunguka vizuri, tena nzuri kweli, jua la jioni likawa linaingia na kutoka katikati ya mapanga, na nikamwona shemeji anaitazama kama alivyokutazama wewe ulipokuwa ukitoka bafuni umevaa shati safi. Nikaomba moyoni korongo wasije.

Wakaja. Wengi walipita juu, wengine pembeni. Mmoja alikuwa nyuma, anaruka chini kidogo, koo limejaa chakula cha watoto wake. Nadhani aliona mlingoti akaukwepa. Panga hakuliona. Aliangukia kwenye mpunga, akawa anajaribu kusimama.

Shemeji aliinuka akaingia shambani, kwenye maji, na kanga yake ya misa. Akamwokota. Ndege akafa mikononi mwake. Shemeji alirudi hadi kwenye tuta akakaa naye mapajani, damu inamchafua, na akalia. Gaspari, hakuwa amelia hivyo siku ya mazishi. Siku ile alikuwa na watu wa kulisha, na wewe unamjua. Alilia pale mpaka machozi yakaisha. Halafu akajifuta uso kwa mkono wa blauzi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mume wangu alitaka watu wapate mwanga. Hakutengeneza mtego. Ishushe."

Nikamwambia, shemeji, tukiishusha imekwisha, fundi wa kuisimamisha tena hayupo. Akasema, "Wewe ulishika waya. Wewe upo."

Tuliishusha mwezi wa saba, baada ya mavuno. Watu walikuja tena kuangalia, safari hii kimya. Wengine walinuna. Mama Melania, yule mchuuzi wa samaki wabichi, aliniuliza kama sasa korongo ndio watakaomsomea taarifa ya habari. Nilimwelewa. Mpaka leo anapeleka betri mjini kwa baiskeli, na akipita kwangu ananiangalia kwa jicho la pembeni, ingawa samaki bado ananipunguzia bei.

Kaka yake shemeji, Anselmi, ana kiwanja katika kijiji cha Kisawasawa, kwenye mwinuko, milima iko mgongoni kwake. Alisema pale kuna upepo unaoshuka kutoka msituni kila jioni na mwingine unaopanda mchana, mpaka bati zake zinapiga kelele. Shemeji hakukubali papo hapo. Alimwambia kwanza akae nje atazame ndege. Anselmi akacheka, akasema yeye ni mkulima, si mganga wa kupiga ramli. Shemeji akahamia kwake, akakaa nje mwenyewe, mchana na jioni, majuma mazima, akimenya viazi na kutazama juu. Aliporudi aliniambia mwewe wanapita upande wa bonde la mto, tai wakubwa wanafuata ukingo wa mlima, na popo wanatoka kwenye miembe ya shule na kwenda kusini. Mahali pa kuweka feni, akasema, ni nyuma ya zizi la mbuzi, hapana pengine. Nilitaka kubisha kidogo, kwa desturi. Nikaangalia uso wake, nikaacha.

Tulipakia kila kitu kwenye tela la trekta. Kabla ya kuinua, shemeji alichukua rangi nyekundu iliyobaki kwenye karakana yako, akapaka ncha za mapanga. Alisema ndege hana kosa, anayetengeneza kitu kinachokwenda mbio ndiye anatakiwa kukifanya kionekane. Wanaume wa Kisawasawa walishika waya. Mimi nilikuwa chini ya mlingoti, mahali pako, nikitoa amri kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mlingoti ulipinda kidogo, nikapaza sauti wavute. Ukanyooka. Tukafunga nati. Halafu hakukuwa na upepo. Tukakaa, tukala wali na maharage, tukaanza kuzungumza mambo mengine, na ghafla mbuzi wakageuka wote kwa pamoja, tukasikia vuu. Anselmi akasema, "Bwana asifiwe, shemeji Gaspari kaja." Shemeji wangu, mke wako, akacheka. Alicheka kwa mdomo wazi, ameshika tumbo. Ni kicheko cha kwanza tangu uondoke, na nakuletea kama zawadi, maana wewe ndiye uliyekisababisha.

Inakwenda vizuri kuliko hapa kwetu. Betri za majirani zinajaa, na mwalimu mkuu ameweka taa kwenye darasa la saba ili watoto wajisomee. Kama ni rangi iliyosaidia au ni mahali, sijui. Anselmi, yule aliyecheka, sasa kila asubuhi anazunguka chini ya mlingoti kabla hajafungulia mbuzi. Amekuta popo mmoja amekufa. Alimpelekea shemeji akiwa amemfunga kwenye jani la mgomba, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Wakakubaliana kuifunga feni jioni za mwezi ule ambao miembe inazaa. Mwaka huu wanajaribu hivyo. Hatujui bado.

Na hapa Katindiuka, korongo walilea watoto wao mpaka wakaruka. Niliwaona wanajifunza, wanaanguka mferejini, wanatoka wamelowa, wanapanda tena. Walisafisha konokono wote kwenye vitalu vyangu. Mpunga haukuwa mwingi, maji yaliharibu, lakini tulivuna, tukala, na mbegu ipo. Shamba limekuwa kimya jioni. Mwanzoni ukimya ule ulinisumbua. Siku hizi nakaa dunguni nasikia mabawa yakipita juu yangu, mengi, na sina haja ya kuziba masikio.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kisawasawa. Edita alikuwepo, mjamzito, amekaa na mama yake kwenye mkeka wanashona nguo za mtoto, na redio ya Anselmi inapiga muziki ambao wewe ungeuzima. Nilipanda mlingoti, nikapaka grisi, nikakaza kila nati, na nilipokuwa juu kule niliona bonde lote, mpaka mto. Nilifurahi, Gaspari. Nilidhani nitahuzunika.

Nakuaga hapa, chai imepoa na kuku wameanza kusogelea mbegu. Lala salama, ndugu yangu. Kila kiangazi, maadamu miguu inanibeba, nitapanda kuipaka grisi. Na ndege wakibadilisha njia, tutaihamisha tena.

Wako,
Boni