Mgeni wa Keki

Vroni, uko wapi? Shika simu!

Unamkumbuka Gernot, yule mgeni wangu wa chumba cha juu? Jumamosi wakati wa supu niliwapanga wageni kama kawaida yangu: huyu wa kuteleza kwenye theluji, huyu wa kuoga maji moto, yule wa matembezi. Nilipomfikia yeye nikasema, "Wewe bwana ni wa keki. Barazani hutoki." Meza nzima ikacheka, hata mkewe.

Yeye hakucheka, Vroni. Alikunja kitambaa chake cha kufutia mdomo.

Wa keki! Mdomo wangu huu!

Na wa keki simpi kile kifaa cha kumtafutia mtu akifukiwa na theluji. Cha nini, kama anaota jua tu?

Sasa hivi Seppl wa kwenye lifti ya mlimani kanipigia. "Traudi, mgeni wako kavuka kamba ya kuzuia watu, kaenda upande wa nyuma wa mlima. Nimempigia kelele, kanijibu, 'Mwambie mama mwenye nyumba leo sili keki.'"

Upande wa nyuma! Na upepo wa jana ulivyorundika theluji kule, inangoja kuporomoka tu!

Nimewaita waokoaji. Swali lao la kwanza: "Kifaa anacho?" Nilikuwa nakitazama, kimening'inia ukutani.

Mkewe yuko barazani, hajui kitu. Ameniita huku anacheka: "Traudi, mkatie Gernot kipande kikubwa, atarudi na njaa."

Nimeshika kisu.

Vroni, mlima umenguruma. Vikombe vyote vimetikisika.